Kile Ambacho Hujawahi Kukifanya: Ukweli Kuhusu Pengo la Ujuzi Katika Mikataba Mifupi ya TEHAMA

Abiria wa daladala wa Dar es Salaam wanalijua neno deiwaka. Ni dereva anayeshika usukani kwa siku moja, au kwa mizunguko michache tu, kwa sababu dereva wa kudumu anaumwa au amepata dharura. Huenda deiwaka huyo akawa hodari kuliko aliyemwachia gari, na huenda akawa kijana asiyewahi kuipita njia ile wala kulizoea gari ambalo breki zake hushika baada ya kukanyagwa mara mbili. Abiria hana namna ya kumjua. Hutegemea kwamba aliyekabidhi ufunguo aliuliza, na kwamba aliyeupokea alisema kweli.

Mtaalamu wa TEHAMA anayechukua mkataba wa wiki tatu au miezi miwili yumo katika nafasi hiyo. Anaingia kwenye mfumo ambao hakuujenga, anapewa nywila za msimamizi, anagusa mishahara ya watu, majalada ya wagonjwa au akiba za wanachama, kisha anaondoka kabla matokeo ya kazi yake hayajaonekana yote. Mwajiriwa wa kudumu ana miezi ya majaribio, na ana mwenzake wa meza ya pili wa kumwuliza. Akikosea leo, kesho yupo kusahihisha. Mtu wa mkataba mfupi hana nafasi hiyo, na aliyemkodi amekubali kumlipa bei kubwa kwa siku kwa sababu anaamini kwamba hatamgharimia muda wa kujifunza. Kwa hiyo, katika kazi za aina hii, maelezo ya kile ambacho mtu hajawahi kukifanya ni sehemu ya huduma anayoiuza. Yanapaswa kutolewa kabla bei haijatajwa, na yatolewe kwa kutaja matendo, si kwa kujipima.

Ninaandika haya nikiwa na kosa langu mwenyewe mbele ya macho. Miaka kadhaa iliyopita nilichukua kazi ya wiki nne ya kuhamisha mfumo wa hesabu wa chama kimoja cha akiba na mikopo katika Kanda ya Ziwa. Data zilikuwa kwenye MySQL ya zamani, na mfumo mpya ulitumia PostgreSQL, zote zikiwa programu za kuhifadhi na kupanga data. Hifadhidata zote mbili nilikuwa nimezitumia kwa miaka, lakini sikuwa nimewahi kuhamisha data za fedha kutoka moja kwenda nyingine. Katika kikao cha kwanza meneja aliniuliza kama kazi hiyo ninaifahamu, nami nikajibu kwamba ninaifahamu. Sikujiona kuwa nimedanganya. Nilizifahamu kweli pande zote mbili, na nilidhani njia iliyobaki katikati ni fupi.

Niliandika programu ndogo iliyosoma rekodi moja moja kwenye mfumo wa zamani na kuiandika kwenye mfumo mpya. Programu hiyo ilibandika majina ya wanachama moja kwa moja ndani ya amri za hifadhidata, bila kuyatenga, na katika lugha ya hifadhidata alama ya ritifaa (') ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Kwa hiyo kila lilipotokea jina lenye ng', amri ilikatika katikati. Yeyote aliyeishi Shinyanga, Simiyu au Mara anajua majina hayo ni mengi kiasi gani. Nilikuwa nimeielekeza programu iendelee kila inapokutana na hitilafu, ili isisimame usiku wakati sipo, nayo ikafanya kama nilivyoiagiza: iliwaruka watu hao pamoja na hisa zao, akiba zao na madeni yao, ikaendelea na wengine. Hakuna ujumbe wowote uliotokea kwenye skrini. Asubuhi kazi ilionekana imekamilika.

Aliyegundua ni mhasibu wa chama, mama aliyekuwa karibu kustaafu, ambaye mwisho wa mwezi aliona kwamba jumla ya akiba kwenye mfumo mpya hailingani na daftari lake. Tulitumia siku tisa kuwarudisha wanachama waliopotea, mmoja mmoja, huku baadhi yao wakiwa wamesimama dirishani na vitabu vyao vya akiba mkononi wakiulizwa wao ni nani katika chama walichokianzisha wenyewe. Siku ya mwisho nilimwomba radhi. Alinijibu bila hasira: "Mwanangu, ungeniambia tu kwamba hujawahi kuifanya. Ningekaa na wewe na daftari langu, tukahesabu majina kabla ya kuhama na baada ya kuhama."

Nimelitafakari jibu lile mara nyingi. Mama yule hakusema kwamba asingekubali nipewe kazi. Alisema kwamba dawa alikuwa nayo. Kuhesabu rekodi na kulinganisha jumla za fedha pande zote mbili ndilo jambo la kwanza analolifanya mtu mwenye uzoefu wa kuhamisha data, na mhasibu asiyejua hata hifadhidata ni nini angelifanya kwa kalamu na karatasi, laiti angejua kwamba linahitajika. Alifikiri nimelifanya kwa sababu nilisema ninaifahamu kazi. Hapo ndipo ninapoiona dhara halisi ya kuficha pengo: mteja hupewa mtu pungufu, na wakati huo huo hunyang'anywa hadhari ambayo angeichukua kama angeujua upungufu huo. Angeweza kuongeza wiki moja, angeweza kumtafuta mtu wa pili wa kukagua, au kuuacha mfumo wa zamani ukiendelea sambamba na mpya kwa mwezi mmoja. Angeweza pia kukataa. Yote hayo yalikuwa maamuzi yake, nami niliyafanya kwa niaba yake bila yeye kujua.

Lakini nia njema peke yake isingetosha kuniokoa, na hili ndilo gumu zaidi katika jambo hili. Kama meneja angenitaka nijipime kuanzia 1 hadi 10, kwa dhamiri safi kabisa ningejipa 8. Mwaka 1999 Justin Kruger na David Dunning, wakiwa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, walichapisha utafiti juu ya watu waliopewa majaribio ya mantiki, sarufi na kutambua kichekesho. Wale wa robo ya chini walishika, kwa wastani, nafasi ya 12 katika kila watu 100 wakipangwa kuanzia chini, lakini wenyewe walijikadiria kuwa katika nafasi ya 62. Maelezo ya watafiti hao yalikuwa kwamba ujuzi unaotakiwa ili kufanya jambo vizuri ndio huo huo unaotakiwa ili kutambua kwamba umelifanya vibaya. Sikujua kwamba rekodi huhesabiwa. Ningewezaje kukiri kwamba sijui kuzihesabu?

Nilichokijua bila shaka yoyote ni kwamba sikuwa nimewahi kuifanya kazi ile. Kauli hiyo haihitaji mtu ajifahamu sana, inahitaji kumbukumbu tu. Ndiyo maana nimeacha kuziamini kauli kama "ninaimudu vizuri", "nina uelewa wa kati" au "mimi ni bingwa", ambazo wasifu wetu umejaa, na ninaamini mtaalamu wa mkataba anapaswa kuzungumza kwa vitendo vinavyohesabika: nimeufunga mfumo huu mara mbili, katika ofisi za watumiaji wasiozidi mia mbili, sijawahi kuuhamisha ukiwa na watumiaji hai, toleo lenu sijalitumia, nimetumia lililotangulia. Msikilizaji akisikia hayo anaweza kupima mwenyewe, na hata mtu asiye wa fani huweza kuuliza swali lifuatalo.

Mapengo yenyewe hayalingani, na kuyakiri yote kwa uzito mmoja ni njia nyingine ya kumchanganya mteja. Kuna pengo ambalo kina chake kinajulikana. Mtu aliyezoea kuunganisha tovuti na mtandao mmoja wa malipo ya simu, akiombwa kuunganisha na mtandao mwingine, hajui majina ya amri zake wala utaratibu wa kupata vibali, lakini anajua ugumu uko wapi: kuna uthibitisho wa malipo unaofika mara mbili, kuna usiofika kabisa, na kuna mteja aliyekatwa fedha huku tovuti ikimwambia muamala umeshindikana. Huyo akisema nipeni siku tatu za ziada, makadirio yake yana msingi. Mwingine ameishia kwenye mazingira ya majaribio, ambako kila malipo hufaulu, na hajawahi kuamshwa usiku kwa sababu ya miamala iliyokatika njiani. Pengo la huyo halina kina kinachojulikana, na siku tatu anazoziomba ni kubahatisha. Uaminifu kwake si kutaja idadi ya siku bali ni kusema wazi kwamba hawezi kuitaja, na kuomba kwanza kazi ndogo ya kuchunguza kabla ya kukubaliana juu ya kazi nzima.

Katika fani nyingine mzigo huu hauachwi mabegani mwa mtu mmoja. Tanzania ina Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo huwapanga makandarasi wa majengo katika madaraja saba, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja linaloweza kuchukua. Fundi anayefunga umeme hupata leseni kwa daraja kutoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji. Wahandisi wana bodi yao. Utaratibu huo una kasoro zake, na sote tumeona majengo yaliyotia aibu, lakini mwenye kiwanja walau ana pa kuanzia kuuliza. Kwetu, Tume ya TEHAMA husajili wataalamu, nayo ni hatua ninayoiunga mkono, lakini bado hakuna daraja linalomwambia mkuu wa shule au meneja wa zahanati kwamba mtu huyu anafaa kuhamisha hifadhidata ya watu 500 na hafai kuhamisha ya watu 50,000. Mlango wa chumba cha seva hufunguliwa kwa maneno ya anayeomba kuingia, na kwa sababu hiyo maneno hayo lazima yawe na uzito kuliko yalivyo sasa.

Sheria haijanyamaza juu ya hili. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, iliyofuata kwa karibu Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, inaeleza katika kifungu cha 17 kwamba ukimya mtupu kuhusu jambo linaloweza kuathiri utayari wa mtu kuingia katika mkataba si ulaghai, isipokuwa pale ambapo mazingira yanamfanya aliyenyamaza awe na wajibu wa kusema, au pale ambapo ukimya wake wenyewe ni sawa na kauli. Maneno hayo ya mwisho yanastahili kusomwa polepole na kila anayetuma zabuni. Hadidu za rejea zinapotaja kwa majina mifumo mitano, na mtu akarudisha barua ya maombi bila kuutaja hata mmoja, akasaini na kutaja bei, ukimya wake, kwa maoni yangu, umekwisha kuwa kauli kwamba yote matano anayaweza. Kifungu cha 19 kinampa aliyepotoshwa haki ya kuutengua mkataba. Wachache watafika mahakamani kwa ajili ya kazi ya shilingi milioni tatu, lakini kipimo kile kinafaa kutumiwa mezani, kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kuna anayedhani kwamba haya ni matatizo ya watu wadogo na vyama vidogo. Mwezi Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha akaunti za wateja wake wapatao milioni 5.2 kwenda kwenye mfumo mpya uliojengwa na SABIS, kampuni ya TEHAMA iliyo chini ya Sabadell ya Hispania, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiimiliki TSB. Data zilihama salama, lakini mfumo ulianza kushindwa mara tu ulipofunguliwa. Wateja wanaofikia milioni 1.9 walijikuta wamefungiwa nje ya akaunti zao, na huduma hazikurejea katika hali ya kawaida hadi Desemba ya mwaka huo. Mamlaka za udhibiti ziliitoza benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65 mwaka 2022. Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata Aprili 2023, wakati aliyekuwa mkuu wa TEHAMA wa benki hiyo alipotozwa faini yeye binafsi, pauni 81,620, kwa kutohakikisha kwamba benki imepata uthibitisho wa kutosha kuwa SABIS ilikuwa tayari kuuendesha mfumo huo. Wasimamizi walimwajibisha mtu aliyeipokea kauli ya "tuko tayari" bila kuichimba inavyostahili. Kauli hiyo ni ndugu wa "ninaifahamu" yangu, ila iliandikwa na wakubwa na kuwaangukia mamilioni.

Nalitaja hilo kwa sababu kosa halikai upande mmoja. Wateja wetu wengi wameijenga wenyewe njia ya uongo. Tangazo la mkataba wa miezi mitatu humtaka mtu mmoja awe fundi wa mitandao, msimamizi wa hifadhidata, mjuzi wa usalama, mwandishi wa programu za simu na mtengenezaji wa printa, akiwa na uzoefu wa miaka mitano katika kila moja. Aliyeandika hakumaanisha yote. Mara nyingi amenakili hadidu za rejea za ofisi nyingine na kuongeza ya kwake. Lakini msomaji hajui ni mambo gani mawili yanayohitajika kweli, kwa hiyo hujibu "ndiyo" kwa yote, na anayejibu kwa ukweli huchujwa na ofisa ambaye kazi yake ni kuweka alama ya vyema kwenye vijisanduku. Kisha wapo mawakala. Nimewahi kuukuta wasifu wangu mezani kwa mteja ukiwa na miaka miwili ya uzoefu ambayo sikuifanya, iliyoongezwa na wakala aliyenipeleka. Nilisahihisha hapo hapo, mteja akashukuru na kunipa sehemu ya kazi, lakini wakala yule hakunipigia simu tena.

Sitamdanganya kijana anayeanza kwa kumwambia kwamba ukweli utamlipa kila mara. Kuna mikataba ataikosa, na kodi ya nyumba haisubiri. Ninachoweza kumwambia ni kwamba soko la mikataba mifupi ni dogo kuliko linavyoonekana, kwamba mameneja wa TEHAMA wa mji mmoja hupigiana simu, na kwamba mkataba wa pili kutoka kwa mteja yule yule hautafutwi kwa zabuni. Aidha, kukiri pengo si kuomba kazi kwa unyonge. Anayesema "hili sijalifanya" anapaswa kuwa ameshafikiri sentensi inayofuata: ninamfahamu mwenzangu aliyelifanya, atakagua kwa siku mbili na bei yake ni hii, au tuanze na tawi moja, au sehemu hiyo itoeni katika mkataba wangu, nipunguzeni na malipo. Kuna pia kosa la upande wa pili, la mtu mwenye ujuzi kamili ambaye hukiri hata mapengo asiyokuwa nayo, kwa woga, mpaka mteja anampa kazi mwenye sauti kubwa. Huyo naye hajasema kweli, na dawa yake ni ile ile ya kutaja matendo.

Swali la nani alipe saa za kujifunza huzua ugomvi kuliko lingine lolote, na mara chache huandikwa. Msimamo wangu ni huu: ujuzi nitakaoondoka nao na kuuza kwa mteja mwingine ni gharama yangu, na saa nilizoutafuta usiku hazipaswi kuonekana kwenye ankara. Ujuzi wa mambo ya pekee ya mfumo wa mteja, yaani majedwali yaliyopewa majina na mtu aliyekwisha kuhama bila kuacha maelezo, ni gharama yake, kwa kuwa yeyote angeyakuta. Katikati pana eneo la kujadiliana, lakini majadiliano hayo huwezekana tu pengo likiwa limetajwa mapema. Likifichuka wiki ya tatu, mteja huona kila saa kama wizi, hata zile zilizokuwa halali.

Siku hizi pengo hufichwa kwa njia mbili ambazo zamani zilikuwa ngumu. Ya kwanza ni kumwachia rafiki nywila usiku ili afanye sehemu usiyoiweza. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na kwa Kenya tangu sheria yao ya mwaka 2019, jambo hilo haliwezi tena kuitwa kusaidiana: umemfungulia mtu ambaye mteja hamjui taarifa za watu ambao hawakuulizwa. Msaidizi akitajwa kwenye mkataba, akasaini kama ulivyosaini wewe, hakuna tatizo lolote. Njia ya pili ni zana za akili unde (AI), ambazo zitamwandikia yeyote programu ya kuhamisha data kwa dakika moja, na pengine zitalitenga jina lenye ritifaa vizuri kuliko nilivyofanya mimi. Ninazitumia kila siku. Lakini zana hujibu ulichouliza, na asiyewahi kuhamisha data za fedha hajui kwamba anapaswa kuuliza jumla zitalinganishwaje, nani atasaini kwamba zimelingana, na mfumo wa zamani uzimwe lini.

Barua zangu za maombi sasa zina sehemu tatu. Baada ya ile inayoeleza niliyowahi kuyafanya, na kabla ya bei, kuna aya yenye kichwa "Nisiyowahi Kuyafanya", na chini yake ninaandika jinsi ninavyopendekeza kila moja lishughulikiwe, na nani, na kwa siku ngapi ikiwa idadi hiyo ninaijua. Mara ya mwisho niliipeleka kwenye hospitali moja ya binafsi iliyotaka kuunganisha mfumo wa maabara na wa malipo. Niliandika kwamba mashine za maabara za aina yao sijawahi kuziunganisha, na nikamtaja mwenzangu aliyewahi. Mkurugenzi aliisoma aya ile mara mbili huku mhasibu wake akichungulia begani mwake, kisha akaniuliza kama mwenzangu huyo anaweza kuja Jumatatu.